Kifaa kinachosoma mistari, na barabara zisizo na mistari

Mu mwaka 2000, lori za Mercedes Actros kule Ulaya zilianza kuwekewa kamera ya kufuata mistari ya barabara. Dereva akisinzia na kuvuka mstari, anasikia mngurumo upande ule ule. Mu 2005 Citroën ikaleta kifaa chake kwa gari ndogo: kinasoma rangi ya mstari kutoka chini ya bampa, kiti kinatetemeka. Gari ikiwa chini ya kilomita 80 kwa saa, kimya. Tope ama theluji ikifunika rangi, kimya. Na usukani hakiushiki, kinaonya tu. Kilitengenezwa kwa barabara kuu za kwao. Sisi tunanunua gari zilizotumika huko, tunapita nazo usiku mu njia za udongo. Dereva akisinzia hapo, kifaa hakina mstari wa kusoma.