Mali Bila Daftari

Juzi niliketi Kibamba na akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi. Mmoja anahesabu, wenzake wanafuata. Nikauliza maua hayo yameandikwa wapi. Wakacheka: "Kichwani!"

Nikaikumbuka Kilwa. Huko, miaka ya 1960, mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Vigae tunavyo, maneno ya waliofundishana kazi ile yalizikwa nao.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na historia yake imeandikwa. Je, ya wafumaji wetu? Kabla ya kudai jarida, kila kikundi kianze na daftari: ua, hesabu yake, jina la aliyelibuni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.