Kuoga msitu: dawa ya kichwa iliyo jirani na Dar

Kuna kipindi nilikuwa silali vizuri, kichwa kizito, mawazo ya ajira kibao. Mshkaji wangu wa Kibaha akaniambia, "Twende Kisarawe tukaoge msitu." Nikajua ananizingua. Kumbe kitu chenyewe kipo kweli, ndio leo nawaletea.

KUOGA MSITU NI NINI?
Hakuna maji wala sabuni. Unaingia msituni, simu umezima, unatembea pole pole. Unasikiliza ndege, unanusa majani, unagusa magome ya miti. Hukimbilii kufika popote. Wajapani wanaita shinrin-yoku, na idara ya misitu ya serikali yao ilianza kuwahimiza wananchi mwaka 1982.

KUNA USHAHIDI?
Upo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwenye misitu 24. Waliopimwa ni vijana wa vyuo, rika letu kabisa. Msituni mapigo ya moyo, presha na kotizoli, ile homoni ya msongo wa mawazo, vilikuwa chini kuliko walipokuwa mjini. Uingereza nako, utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu karibu 20,000 ulikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walijisikia wenye afya njema kuliko wasiokwenda kabisa. Unaweza kuzigawa kwa siku tofauti, haina shida.

Ila tusidanganyane, hii sio tiba ya kila kitu. Kama huzuni haiishi, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu wako wa karibu na uende hospitali.

KWETU NI WAPI?
Kisarawe kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Wapo popo mapangoni, na yupo komba mdogo wa Rondo, ambaye duniani anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kutokea Dar, panda gari za Kisarawe pale Gongo la Mboto. Watu wa Kibaha mnao pia msitu wa Ruvu Kusini. Zote ni hifadhi, kwa hiyo usipite njia za panya. Anzia kwa wahifadhi, ulipe kiingilio na uombe mtu wa kukuongoza.

NILICHOKIONA
Nilikaa chini ya mti kama saa nzima bila kufanya lolote. Usiku ule nililala fofofo. Lakini njiani tulikuta visiki, na pembeni yake ardhi nyeusi palipokuwa na tanuru la mkaa. Misitu hii imekatwa miaka mingi ili Dar ipike. Nyumbani kwetu tunapikia mkaa, na sijawahi kuuliza gunia linatoka wapi. Sasa nauliza. Tukiimaliza hii, dawa tutaifuata Japani?

Wadau, nani ameshafika Pugu? Tupeni uzoefu hapo chini. Tupo pamoja.