Kwa nini makato ya mshahara hubadilika mwezi hadi mwezi Uganda?

Kwa mwalimu wa Kasese au mhudumu wa afya wa Bwera, mshahara unaweza kuwa ule ule mwaka mzima, ilhali fedha zinazoingia benki hazilingani. Tofauti hiyo si lazima iwe kosa, ingawa wakati mwingine ni kosa.

Kodi ya mapato ya ajira, PAYE, hukatwa na mwajiri na kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kumalizika. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Zinazofuata hadi 335,000 hutozwa asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kipato kinachozidi milioni 10 hutozwa asilimia 10 ya ziada.

Sababu ya kwanza ya mabadiliko ni kodi ya huduma za mitaa, iliyoanzishwa mwaka 2008. Hii huenda kwa serikali za mitaa, haizidi shilingi 100,000 kwa mwaka, na kwa kawaida hukatwa kwa mafungu manne, Julai hadi Oktoba. Ndiyo maana mshahara wa Novemba huonekana kama umeongezwa.

Sababu ya pili ni malimbikizo. Anayelipwa 400,000 hukatwa PAYE ya 23,000 kwa mwezi, yaani 46,000 kwa miezi miwili. Mishahara hiyo ikicheleweshwa, kisha 800,000 zikahesabiwa kama kipato cha mwezi mmoja, makato hufika 142,000. Mfanyakazi hupoteza 96,000 kwa kosa lisilo lake.

Hata hivyo, kodi ya mapato hukokotolewa kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Aliyekatwa kupita kiasi anaweza kuwasilisha ritani yake URA na kuomba kurejeshewa.

Katika sekta binafsi huongezeka mchango wa asilimia 5 kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mchango huo haupunguzi kipato kinachotozwa PAYE.

Hatua ya kwanza, basi, ni kudai hati ya mshahara ya kila mwezi na kuitunza. Bila hati hiyo, madai hayana mguu wa kusimamia.