Uhuru Ulidaiwa Kaloleni Kabla ya Harambee

Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, vyama vya Kenya African Union na East African Indian National Congress vilikutana kwa pamoja katika Ukumbi wa Kaloleni, Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Hapo ndipo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Punjab, alipodai waziwazi kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena sasa. Jomo Kenyatta alikuwa bado hajakamatwa, na hali ya hatari ilikuwa haijatangazwa.

Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 30 Machi, Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji kwa shangwe za kikoloni. Makhan Singh na wenzake wa East African Trade Union Congress waliwataka wafanyakazi wazisusie sherehe hizo. Serikali haikumvumilia. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na mwenzake Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku kadhaa wakitaka viongozi wao waachiliwe. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11 kizuizini.

Haikuwa bahati tu kwamba dai hilo lilitolewa Eastlands. Kwingineko nchini, msemaji angeweza kuwahutubia watu wa kwao kwa lugha ya mama na kuwagusa kwa mambo ya kwao. Kaloleni, Shauri Moyo, Ziwani, Pumwani na Makongeni alikuta fundi wa reli kutoka Nyanza, dereva kutoka Ukambani, karani kutoka Magharibi na mama wa sokoni kutoka Murang'a, wote wakibanwa na kodi ya nyumba ileile na mshahara uleule mdogo. Hapo ilimbidi aseme Kiswahili, na ilimbidi aseme "sisi" yenye nafasi ya kila mmoja wao. Ninaamini Ukenya ulianza kusikika hivyo, kwa sababu wasikilizaji walimlazimisha msemaji kuupanua. Wenyeji waliuita Ukumbi wa Kaloleni bunge lao, na walikuwa na haki.

Tom Mboya, kiongozi mwingine wa wafanyakazi, alilielewa jambo hilo kuliko wengi. Baada ya serikali kuruhusu vyama vya wilaya tu, alijenga Nairobi People's Convention Party humuhumu mitaani, na mikutano yake ikawa shule ya kudai uhuru na kudai Kenyatta afunguliwe. Machi 1959 polisi waliwavamia viongozi wa chama hicho, na gazeti lao, Uhuru, likapigwa marufuku. Miaka miwili baadaye, Mjaluo huyo alichaguliwa Nairobi East na watu wa kila kabila.

Kisha dola ikashika kipaza sauti. Tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta aliwapa Wakenya Harambee, neno la kazi na la umoja, na lilijenga shule nyingi. Lakini hotuba zake zilichagua pia cha kusahauliwa. Septemba 1962, huko Githunguri, alikuwa ameiita Mau Mau, vuguvugu lililochukua silaha dhidi ya wakoloni, ugonjwa usiopaswa kukumbukwa tena. Bahati na mitaa jirani ya Eastlands ilikuwa imepitia Operesheni Anvil ya 24 Aprili 1954, wanajeshi walipowazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Waliopitia hayo waliambiwa wanyamaze. Marufuku ya kisheria dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Makhan Singh naye hakupewa wadhifa wowote katika serikali huru. Alifariki mwaka 1973. Hilo ni deni letu kama taifa.

Daniel arap Moi, rais aliyemfuata Kenyatta, alikwenda mbali zaidi. Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, aliwataka mawaziri na wananchi waimbe kama kasuku kumfuata yeye. Uzalendo ukawa kurudia.

Eastlands haikurudia. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, siku iliyoitwa Saba Saba, wakakamatwa siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo, bila msemaji, na zaidi ya 20 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Mkutano wa vuguvugu la upinzani la FORD wa 16 Novemba 1991, uwanjani hapohapo, ulivunjwa na polisi. Desemba, kifungu cha 2A cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kilifutwa, na tarehe 18 Januari 1992 Kamukunji ilifurika kihalali. Hotuba kubwa kuliko zote katika uwanja ule, kwa maoni yangu, ni ile ya Saba Saba ambayo Matiba na Rubia hawakuruhusiwa kuitoa.

Kumbukumbu za taifa zimejaa sauti za marais, na sauti za waliowasikiliza zinakwisha mwaka hadi mwaka. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyeishi Kaloleni, Ziwani, Bahati au Majengo miaka ile, kaa naye, mrekodi kwa simu, umuulize nani alihutubia, alisema nini, na watu walimjibu nini.