Kanuni, Mwamuzi na Mlima Meru

Katikati ya jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, umo uwanja wa michezo wenye jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akawawekea watunzi vina, mizani na vituo kwa maandishi. Mwaka 1963 aliteuliwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Kwa hiyo kandanda ya Arusha huchezwa chini ya jina la mtu aliyeshika sheria mbili, ya shairi na ya nchi. Nao wenyeji wa miteremko inayoutazama uwanja huo, Waarusha, waliishi muda mrefu kwa desturi iliyo mbali na sheria za kitabu. Katika umbali huo limo swali la kale: mchezo huongozwa na kanuni, au na mtu anayeuamua?

Watu wa pwani wanalo jibu moja barazani kwao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 mkononi za kunamua. Zikisha za mkononi, huingia mtaji. Hakuna dadu wala bahati, na hakuna mwamuzi. Kanuni hizo wengi hawakuzisoma popote; walizipokea kwa kukaa na kutazama, na zimeshika imara kuliko nyingi zilizopigwa chapa. Anayesogeza komwe kinyume cha kanuni hukemewa na baraza zima, na mzee haachiwi kwa uzee wake. Mwenye cheo na mchukuzi wakikaa ubaoni wanakuwa sawa, kwa sababu kanuni haimjui mtu. Hiyo ndiyo heshima ya bao. Lakini bao hucheza kile tu kilichomo ndani ya mashimo yake. Likizuka jambo lisilo na shimo, bao halina la kusema.

Jambo hilo liliwasumbua maofisa wa Prusia katika karne ya 19. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz alichapisha mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa dadu na majedwali, akamweka mwamuzi wa kuzipima hasara za kila upande. Majedwali yakazidi, mchezo ukawa mzito. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza njia huru: majedwali yawekwe kando, na ofisa aliyeiona vita aamue kwa maarifa yake. Njia ya kwanza ilikuwa ya haki lakini ilikokota miguu. Ya pili ilikwenda mbio, ila mchezaji alikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mzozo huo ukarithiwa na mchezo wa Kimarekani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson katika vijitabu vitatu. Humo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijivika mhusika, na mwongozaji husimulia ulimwengu na kuamua kila lisiloandikwa. Vijitabu vile vilizaa vitabu vinene, na wachezaji wangali wakibishana: kitabu kimtawale mwongozaji, au mwongozaji akitawale kitabu?

Mwaka huohuo wa 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoviacha vina na mizani, na washairi wa Kiswahili wakaingia katika ugomvi wa jamaa moja na ule. Waliotetea kanuni hawakuwa watu wa kuogopa jipya tu. Walijua kwamba katika malumbano ya mashairi, kina na mizani ndivyo vilivyomwezesha mtu asiye na jina kumjibu bingwa mbele ya hadhira, na hadhira ikapima wenyewe.

Waarusha walilijibu swali hilo kwa njia yao. Ni wakulima wa migomba wenye lugha ya Kimaa, walioijaza miteremko ya Meru katika karne ya 19. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Philip Gulliver alikaa nao akizitazama baraza zao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963. Aliona kwamba hakuwapo hakimu mwenye amri ya kukata shauri. Mdai na mdaiwa walikuja kila mmoja na watu wake wa ukoo au wa rika, wasemaji wakainuka, desturi zikatajwa. Lakini desturi ilikuwa mahali pa kuanzia tu. Kutoka hapo watu walipatana, huyu akipunguza na yule akiongeza, mpaka yakapatikana mapatano ambayo wote wangeweza kuishi nayo. Penye wazee haliharibiki neno, na majirani wasioweza kuhama mlimani walihitaji amani kuliko ushindi. Hata hivyo Gulliver hakuficha upande wa pili: mwenye wafuasi wengi na wasemaji hodari alitoka na zaidi. Tena baraza zile zilikuwa za wanaume. Asiye na watu alipatana na nini?

Hapo ndipo kanuni iliyoandikwa ilipoonekana kuwa mkombozi. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila zilizokusanywa na kupangwa kwa vifungu, ili zitumike katika wilaya zilizozikubali. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ila msumeno huu ulikata zaidi upande mmoja: mwanamke angeweza kutumia ardhi ya ukoo aliyorithi, asiweze kuiuza, hali mwanamume aliweza. Dhuluma iliyokuwa ikijadiliwa barazani sasa ilikuwa na namba ya kifungu. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza alipewa shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi. Hakukifuata kifungu kama kilivyosimama, wala hakuamua kwa moyo wake tu. Alishika Hati ya Haki iliyokwisha kuingizwa katika Katiba, akakisoma kifungu upya kwa mwanga wake, na mwanamke akawa na haki ya kuuza kama mwanamume.

Huo haukuwa uhuru wa Verdy, kwa kuwa jaji alilazimika kuonyesha kwa maandishi alikopita, na aliyetaka aliweza kumpinga. Wala haukuwa ukimya wa bao mbele ya jambo lisilo na shimo. Mwamuzi anapokaa chini ya kanuni kubwa kuliko yeye, na kuamua mbele ya watu wanaoijua, hata asiye na ukoo wa kumsindikiza anapata pa kusimama. Bao lilikuwa na hadhira hiyo siku zote, nayo malumbano ya mashairi vilevile. Anayepita penye uwanja wa Arusha na kusoma jina lililoandikwa pale anaweza kukumbuka kwamba Amri Abedi alipoziandika sheria zake hakumfunga mdomo mshairi. Alimpa msomaji kipimo cha kumkosoa.