Kilichoitwa cha Kigeni: Filamu za Dansi na Suala la Ngoma ya Taifa, Zikitazamwa Kutokea Buganguzi

1.0 Utangulizi

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliweka orodha mbili za uchezaji zikabiliane. Upande mmoja aliziweka rumba, chachacha, twisti, walsi na foksitroti, ambazo wasomi wengi wa wakati ule walikuwa wamejifunza. Upande wa pili aliziweka gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lele mama, ambazo wasomi hao hawakuzijua au hawakuwahi hata kuzisikia. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa.

Hotuba hiyo imenukuliwa mara nyingi katika tafiti za sanaa za maonesho nchini. Suala ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni namna orodha hizo mbili zilivyosikika mbali na Dar es Salaam. Buganguzi ni kata ya Wilaya ya Muleba, katika eneo la uliokuwa ufalme wa Ihangiro, mkoani Kagera. Wakazi wake huishi katika vibanja vya migomba na mibuni, na lugha yao ya nyumbani ni Kihaya. Kwa kijana wa hapo mwaka 1962, lele mama ya wanawake wa pwani ilikuwa mbali kama ilivyokuwa walsi. Angetakiwa kuzijifunza zote mbili tangu hatua ya kwanza.

Insha hii inadai kwamba mgawanyo wa uchezaji katika makundi ya "wetu" na "wa kigeni" hauwezi kueleza historia ya filamu za dansi katika Tanzania. Dai hilo linajengwa kwa hatua tatu: asili ya dansi iliyotawala filamu za Marekani, njia ambazo filamu za nyimbo na dansi zilipitia kuwafikia watazamaji wa Afrika Mashariki, na mamlaka zilizogombania mwili wa mchezaji katika eneo la Bukoba na Muleba.

2.0 Miguu Iliyochukua Nafasi ya Ngoma

Filamu za muziki na dansi zilizotengenezwa Hollywood kati ya miaka ya 1930 na 1950 zilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya dansi ya kugonga sakafu, yaani uchezaji ambao viatu vyenye vipande vya chuma hugeuza miguu kuwa ala ya muziki. Majina yanayotajwa zaidi ni ya Fred Astaire na Ginger Rogers katika Top Hat (1935), na Gene Kelly katika Singin' in the Rain (1952). Kwa mtazamaji asiyejua usuli wake, hiyo ni dansi ya Wazungu waliovaa suti nyeusi.

Usuli wake ni tofauti. Dansi hiyo ilizaliwa Marekani kutokana na kukutana kwa uchezaji wa Waafrika waliokuwa watumwa na ule wa wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, koloni la South Carolina lilitunga sheria ya mwaka 1740 iliyowazuia watumwa kutumia ngoma, kwa kuwa mabwana waliogopa kwamba mlio wake ungeweza kuwa wito wa uasi. Mahali ngoma iliponyamazishwa, mapigo yaliendelea katika viganja, mapaja na nyayo. Katika miaka ya 1840 mchezaji Mweusi William Henry Lane, aliyejulikana kama Master Juba, alikuwa tayari amepata umaarufu Marekani na Uingereza kwa ufundi wa miguu.

Filamu zilirithi ufundi huo bila kuwapa wenyewe nafasi sawa. Bill Robinson alicheza kwenye ngazi pamoja na mtoto Shirley Temple katika The Little Colonel (1935), lakini katika hadithi alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka uliofuata, katika Swing Time, Astaire alijipaka rangi nyeusi usoni katika onesho lililokusudiwa kumuenzi Robinson. Stormy Weather (1943) iliwakusanya wasanii Weusi katika filamu moja, wakiwamo Robinson, Lena Horne, Katherine Dunham na ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Lakini filamu za namna hiyo zilikuwa chache. Kwa hiyo kile ambacho sera ya utamaduni ingekiita cha kigeni kilikuwa, kwa sehemu, mali ya watu wa Afrika walionyang'anywa ngoma zao. Jambo hili halifuti tofauti kati ya Hollywood na Ihangiro. Linaonesha tu kwamba mahali filamu ilipotengenezwa hapatoshi kuamua uchezaji uliomo ndani yake ni wa nani.

3.0 Filamu kama Chuo cha Uchezaji

Afrika Mashariki haikuingojea sinema ili ianze kuchukua uchezaji wa wengine na kuugeuza. Utafiti wa Ranger (1975) kuhusu beni umeonesha jinsi vikundi vya pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, vilivyochukua gwaride na bendi za kijeshi za Wazungu na kuziingiza katika mashindano ya zamani ya ngoma. Katika miaka ya baina ya vita viwili vya dunia, dansi ya wawili wawili ilienea mijini, ikichezwa na makarani, walimu na wafanyakazi wengine katika vilabu vyao. Neno "dansi" lenyewe likapata maana mahususi ya Kiswahili, likitofautishwa na "ngoma" kwa ala, mavazi na mahali pa kuchezea.

Sinema iliingia katika mazoea hayo. Mjini Zanzibar, Royal Theatre ya mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla ilifunguliwa mwaka 1921, na baadaye majumba ya sinema yalienea katika miji ya Tanganyika. Fair (2018) ameeleza kwa kina namna majumba hayo yalivyokuwa mahali pa kukutana kwa watu wa rika, dini na asili mbalimbali, na namna filamu za Kihindi zilivyopendwa. Awaara (1951) ya Raj Kapoor ni mfano mashuhuri. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, ila walizijua nyimbo. Taarabu nayo ilizichukua tuni za filamu hizo na kuzitilia maneno ya Kiswahili.

Sababu mojawapo ya mapokeo hayo ni muundo wa filamu zenyewe. Mazungumzo yanahitaji tafsiri, ilhali onesho la dansi linajieleza. Astaire alishikilia kwamba kamera imwoneshe mchezaji mwili mzima, tangu kichwa hadi nyayo, bila kukatakata picha. Kwa kufanya hivyo, mtazamaji aliweza kuifuata hatua kama mwanafunzi anavyomfuata manju uwanjani. Filamu za Kihindi zilikuwa na faida nyingine: wimbo mmoja ulirudia kiitikio mara kadhaa, na hatua zikarudiwa pamoja nacho. Aliyeitazama filamu mara tatu alitoka na kitu cha kuwaonesha wenzake. Katika maana hii, kiwambo kilifanya kazi ambayo jamii za eneo hili ziliifahamu tangu zamani, yaani kumfundisha mtu uchezaji kwa kumwonesha.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na filamu za aina nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu lililokuwa na makao Vugiri, Usambara, lilitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na uchumi na kuzizungusha vijijini Afrika Mashariki na Kati. Baada ya hapo magari ya sinema yaliendeleza utaratibu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu za Kiswahili, ikiwamo Muhogo Mchungu. Mwaka 1962, mwaka wa hotuba ya Nyerere, alikuwa Waziri Mkuu. Filamu za mafunzo zilimtaka mtazamaji akae na kusikiliza. Filamu za dansi zilimfanya atake kusimama. Wakaguzi wa kikoloni, waliopima filamu kwa kuangalia pia rangi ya watakaozitazama, waliijua tofauti hiyo.

4.0 Ihangiro: Mwili Chini ya Mamlaka Tatu

Mamlaka ya kwanza ilikuwa ya ufalme. Falme za Wahaya zilikuwa na sanaa za ikulu zenye ufundi mkubwa: tenzi za kishujaa zilizoimbwa kwa enanga, majigambo ya ebyebugo, na omutoro, ngoma iliyochezwa kumtukuza mtawala. Katika omutoro, kucheza vizuri kulikuwa njia ya kutangaza utii na heshima. Mchezaji alikuwa na hadhira moja kuu, nayo ilikuwa mfalme.

Mamlaka ya pili ilikuwa ya kanisa. Wamisionari Wakatoliki walijenga kituo na seminari Rubya, katika Ihangiro hiyohiyo, mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Walutheri, uamsho wa Walokole ulioenea kutoka Rwanda na Uganda ulifika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa Mlokole, wokovu ulionekana katika mwili: kuacha pombe, kuacha ngoma, kuacha dansi. Ni muhimu kuona kwamba uamsho haukutenganisha ngoma ya asili na dansi ya mjini. Vyote viwili vilikuwa vya ulimwengu uliopaswa kuachwa. Kipimo cha Mlokole hakikuwa asili ya hatua, bali hali ya moyo wa anayezipiga.

Mamlaka ya tatu ilikuwa ya taifa jipya, na hapo ndipo ukinzani mkubwa unapoonekana. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu. Ihangiro ikabaki bila mfalme, na omutoro ikabaki bila ikulu, katika majira yaleyale ambapo serikali iliwataka wananchi warejee kwenye ngoma zao. Omutoro haikutajwa katika orodha ya Nyerere, na pengine isingekuwa rahisi kuitaja: ngoma ya kumtukuza mtawala wa kurithi ilikaa vibaya katika jamhuri. Iliweza kuendelea kuchezwa katika harusi, shuleni na kwenye mapokezi ya viongozi, lakini kwa kubadilishiwa hadhira. Kilichohifadhiwa kilikuwa hatua. Uhusiano uliozipa hatua hizo maana ulikuwa umeondolewa na taifa lenyewe.

Wakati huohuo dansi zilizoitwa za kigeni zilizidi kubanwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, nayo ikaanza kutekelezwa Januari 1969. Novemba mwaka huo, uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Ivaska (2011) ameonesha kwamba mijadala ya magazetini kuhusu hatua hizo iliuliza swali lilelile: kama muziki wa Wamarekani Weusi ni wa kigeni, Uafrika unaishia wapi? Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa, bila maneno, na miguu ya ndugu Nicholas.

5.0 Kutoka Jumba la Sinema hadi Kibanda cha Video

Disco Dancer (1982), iliyoongozwa na Babbar Subhash, ilimfanya Mithun Chakraborty kuwa kipenzi cha vijana wa Tanzania katika muongo wa 1980. Hadithi yake ni ya mtoto maskini aliyedhalilishwa pamoja na mama yake, kisha akapanda hadi kuwa nyota wa disko. Beat Street (1984) nayo ilileta uchezaji wa vijana Weusi na Walatino wa New York. Wakati huo nchi ilikuwa katika uhaba wa bidhaa, na Kagera ilikuwa bado ikijijenga baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978–1979. Filamu iliyoonesha kwamba mwili wa maskini ni mtaji ilikuwa na maana kwa watazamaji wa wakati huo.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kanda ya video ndiyo iliyoondoa ulazima wa kuwapo kwa jumba la sinema. Jenereta, deki na televisheni moja vilitosha kugeuza chumba cha duka kuwa ukumbi. Wasimuliaji wa video, ambao Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni mfano wao unaojulikana zaidi, walizitafsiri filamu papo hapo kwa Kiswahili. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, kazi hiyo ilifanywa kwa Kiganda. Msimulizi alihitajika kwa hadithi. Wimbo ulipoanza, mtazamaji aliweza kujitegemea.

6.0 Hitimisho

Historia ya sinema inayohesabu majumba huishia mjini, na kata kama Buganguzi hubaki nje yake. Historia inayofuata uchezaji inaweza kuifikia, kwa sababu hatua ya dansi haihitaji jengo ili isafiri. Huhitaji mtu mmoja aliyeiona na wengine wanaotaka kuonyeshwa. Kwa watafiti, hii ina maana kwamba kumbukumbu za wakaguzi na wasambazaji wa filamu zisomwe sambamba na masimulizi ya wazee waliocheza: katika harusi, katika vilabu, na katika nyumba ambazo uamsho uliwafanya waache.

Insha hii haidai kwamba hofu ya mwaka 1962 haikuwa na msingi. Ngoma nyingi zilikuwa zimedharauliwa na shule na misheni, na wito wa kuziheshimu ulistahili. Kasoro ilikuwa katika kudhani kwamba uchezaji una uraia. Dansi ya kugonga sakafu ilivuka bahari katika miili ya watumwa na kurudi katika mikebe ya filamu ikiwa na sura ya Kizungu. Omutoro haikuvuka popote, nayo ikajikuta ugenini nyumbani kwake. Mtafiti wa ngoma ya taifa anayeanza kazi kwa kuuliza uchezaji upi ni wa asili atazikosa zote mbili. Swali litakaloziona ni nani alicheza, mbele ya nani, na kwa ruhusa ya nani.