Nafuu Si Rahisi

Duka moja likibandika tangazo la "bei rahisi" na la jirani likabandika "bei nafuu", wapitaji wengi watasema maduka hayo mawili yametangaza jambo moja. Sivyo. La kwanza limezungumzia fedha inayotoka mfukoni leo. La pili, kwa haki ya neno lenyewe, limeahidi jambo litakaloonekana baada ya miezi. Hapo ndipo nataka tukae, mimi nawe mpenzi wa lugha hii, kwa sababu ipo hesabu ambayo watu wetu huifanya sokoni kila siku na bado haijapewa jina la Kiswahili lililokaa sawa: kuigawa fedha uliyolipia kitu kwa mara ulizokitumia.

Hesabu yenyewe haina mafumbo. Tuseme ndala za shilingi 3,000 zimevaliwa kila siku kwa miezi mitatu ndipo kanda ikakatika: kila siku imechukua shilingi 33 hivi. Katambuga za shilingi 15,000, zile za tairi la gari, zikivaliwa kila siku kwa miaka mitatu, kila siku haifiki shilingi 14. Viatu vya harusi vya shilingi 60,000 vilivyotoka kabatini mara tatu vimechukua 20,000 kila vilipotoka. Mama anayebinya ubavu wa sufuria kwa kidole gumba kabla ya kuuliza bei anaijua hesabu hii vizuri. Kinachokosekana ni msamiati.

Tuanze na bei. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kuuza. Neno biashara limeunganishwa kutokana na mawili ya kwao, la kuuza na la kununua, yakasemwa kwa pumzi moja. Basi bei ni nusu ya biashara, nayo ni nusu ya muuzaji. Ndiyo maana mwenye duka ndiye anayeipanga, kuipandisha na kuishusha, na mnunuzi kazi yake ni kuomba apunguziwe. Nusu yake mnunuzi, ile "shara" ya mwishoni, haikuachiwa neno linalosimama peke yake. Kwa maoni yangu pengo letu linaanzia hapa.

Gharama ni neno la mnunuzi zaidi. Asili yake ni fidia au faini, fedha inayokutoka kwa kulazimika, na uchungu huo bado umo tunaposema jambo fulani limetugharimu. Bei huishia kaunta. Gharama hukufuata nyumbani. Bei haimjui fundi viatu atakayetia soli mwakani, gharama inamjua. Kwa hiyo istilahi tunayoitafuta lazima ijengwe juu ya gharama. Anayeandika "bei kwa kila matumizi" ameshika nusu ya muuzaji akidhani ameshika ya mnunuzi.

Thamani ina kisa kinachonifurahisha. Huko ilikotoka ni bei tu, kiasi kinacholipwa. Kiswahili kimelipandisha cheo neno hilo likawa ubora wa kitu machoni pa anayekijua, hata tukapata kuthamini, ambako kunaweza kufanyika bila senti moja kutajwa. Tuliache huko huko juu. Tukilishusha liwe jina la hesabu tutakuwa tumelipunguzia.

Sasa rahisi. Kwa Waarabu neno hili lilikuwa na maana ya bei ya chini. Sisi tukaongeza ya pili, jambo lisilo gumu. Mtihani rahisi, nyanya rahisi. Na mzizi wake ndio uliotuzalia ruhusa. Ukiwaweka ndugu hawa wawili pamoja utaona kinachompata mtu mbele ya meza ya vitu vya shilingi elfu moja moja: bei ya chini imempa ruhusa, hahitaji kufikiri. Kulaumu neno si haki, limefanya kazi yake kwa uaminifu. Linasema kununua kutakuwa kwepesi. Halijasema chochote kuhusu kukaa na kitu.

Nafuu ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba tusiende haraka. Nafuu ni ndugu wa damu wa manufaa, wa kunufaika na kunufaisha. Mgonjwa anayeanza kunywa uji amepata nafuu. Kati ya njia mbili mbaya, isiyoumiza sana ndiyo nafuu. Kote huko neno linapima hali ya mtu baada ya jambo kumfika: yuko vizuri kuliko alivyokuwa, au kuliko ambavyo angekuwa? Bei nafuu, basi, kwa asili si bei ndogo. Ni bei inayomwacha mnunuzi katika hali bora. Matangazo yameligandamiza neno hili mpaka likalingana na rahisi, na kwa kufanya hivyo yametunyang'anya chombo tulichokuwa nacho tayari.

Ninalopendekeza kwanza ni kuzirudisha nafuu na rahisi kila moja mahali pake. Rahisi iwe ya siku ya kununua, nafuu iwe ya maisha yote ya kitu. Hapo tutaweza kusema bila kujikanganya kwamba katambuga hizi ni ghali lakini nafuu, au kwamba ndala zile ni rahisi lakini si nafuu. Jaribu kumwambia hivyo jirani yako. Ataelewa papo hapo, maana sentensi hiyo haihitaji kamusi, na unafuu tayari ni nomino inayotumika.

Lakini unafuu ni sifa, na sisi tunahitaji pia jina la ile tarakimu, zile shilingi 33 na zile 14. Hapa ndipo tunapokutana na matumizi, neno lenye mzigo mkubwa kuliko yote katika makala haya.

Matumizi ni kukitumia kitu, na matumizi ni fedha zinazotoka. Serikali huandaa Makadirio ya Mapato na Matumizi. Mke hulalamika kwamba mumewe hatoi matumizi. Daktari huandika maelekezo ya matumizi ya dawa. Lugha imeona kwamba kutoa fedha na kukishika kitu kazini ni tendo moja lenye pande mbili, ikatupa neno moja la kuyabeba yote mawili. Ni hekima kubwa, ila mwanaistilahi inamtia taabuni. "Gharama ya matumizi" itasikika kama gharama ya gharama, au kama fedha ya kuendeshea mtambo: mafuta, umeme, vipuri.

Kuna kasoro nyingine inayoumiza sikio. Tunasoma "gharama kwa kila matumizi", na kila hutaka umoja. Hatusemi kila mambo wala kila magari. Tunachokihitaji ni tendo moja la kutumia, lililokatwa likahesabika: tumizi. Tumizi moja, matumizi mia. Umbo lake ni lile lile la jambo na mambo, na tayari wataalamu wa kompyuta wamelizoea katika programu tumizi, ingawa huko limekaa kama kivumishi. Kwa hiyo naandika gharama kwa tumizi, na hiyo kwa ni ile ile ya shilingi kwa kilo na kilomita 80 kwa saa. Fupi, haikanganyi, na inagawanyika kwa kalamu.

Najua hatari ya neno lililobuniwa mezani. Ngamizi ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta, na kompyuta ikabaki kompyuta. Tofauti ni kwamba tumizi si geni: ni umoja wa neno ambalo kila mzungumzaji analo mdomoni.

Kwa mazungumzo ya barazani, hata hivyo, tuwe na umbo jepesi zaidi, na kitenzi tunacho. Wafanyabiashara husema mzigo umemsimamia fulani kiasi kadhaa, wakijumlisha ununuzi, usafiri, ushuru na ujira wa wapagazi. Kusimamia hapo si uangalizi, ni jumla iliyosimama baada ya yote kuhesabiwa. Basi tuseme: ndala zile zimenisimamia shilingi 33 kwa siku. Nalipenda neno hili kwa sababu linasubiri. Huwezi kujua kitu kimekusimamia kiasi gani siku ya kukinunua. Ni lazima kwanza ukitumie.

Na mara ngapi? Mara ni neno jema ila ni pana mno. Nguo ina mvao, sufuria ina mpiko, pikipiki ina safari. Sare ya shughuli, kitenge kilichonunuliwa kwa sababu kamati imechagua rangi, mara nyingi huishia mvao mmoja, na ukishaisema hivyo, "shilingi 45,000 kwa mvao mmoja", hesabu imekwisha kujieleza. Kwa upande mwingine doti ya khanga huvaliwa, hutumika kujifunika na kubebea mtoto, na mwisho wake ni tambara la jikoni. Mivao ni jina la sehemu tu ya kazi zake. Kwa khanga afadhali turudi kwenye matumizi, maana hakuna neno la tendo moja litakaloitosha.

Vitu navyo hula. Jiko linakula mkaa, gari linakula mafuta, pasi inakula umeme. Kitenzi hiki kinatukumbusha kwamba kuna vitu ambavyo bei yake ni mwanzo tu wa kulipa, na tusikisahau tunapogawa. Umeme wenyewe, Tanzania, umeipa istilahi yetu shahidi: LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kadiri utumiavyo! Anayetaka kueleza gharama kwa tumizi kwa mtu asiyelijua neno, aanzie hapo. Kila nyumba yenye mita ya LUKU inaishi ndani ya wazo hilo.

Utajiri mkubwa zaidi, naona, uko upande wa namna vitu vinavyokwisha. Wahasibu wametupa uchakavu, neno zuri, lakini sisi hatukuwa maskini kabla yao. Kiatu hakifi kifo kimoja. Kisigino hulika, uzi hufumuka, ngozi hupasuka, kanda hukatika, rangi huchuja. Shati hupauka, kisha hutatuka. Kila kitenzi kina hukumu yake ndani: kilichofumuka kinashoneka, kilicholika kinatiwa soli, kilichotatuka kimefika ukingoni. Mnunuzi anayeuliza "kitaanza kufa wapi?" anatabiri matumizi yaliyobaki, na Kiswahili kimempa maswali yote ya kuuliza.

Juu ya hivyo vyote kuna kuchoka. Gari limechoka, godoro limechoka. Ukikumbuka kwamba tumia imekaa kama kauli ya kutendea ya tuma, utaona kwa nini sitiari hii imekaa vizuri: kukitumia kitu ni kukituma kazi, na anayetumwa kazi huchoka. Muuza mitumba anaposema "hii haijachoka" amesema jambo sahihi kuliko mtumba wenyewe, jina lililotokana na mzigo uliofungwa, na sahihi kuliko kafa Ulaya, jina ambalo wazee wanalikumbuka, lililomtazama mwenye nguo wa zamani. Haijachoka inatazama matumizi ambayo wewe utayapata.

Kwa kitu kilichotumika sana na bado kipo kazini tuna -kuukuu, ambayo kwa sura yake ni -kuu iliyosemwa mara mbili. Sidhani ni dharau. Na tuna mbacha, mkeka uliochakaa, uliohifadhiwa katika methali ya usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mbacha wako. Gharama kwa tumizi ya mkeka huo imeshuka karibu na sifuri, na kila sala inayoongezeka juu yake inaishusha tena. Naomba waandishi wa habari za uchumi walifufue: kitu chenye umri mkubwa na gharama ndogo kwa tumizi ni mbacha, kiwe baiskeli, cherehani au redio.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kwa huruma. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, na kule Kenya bidhaa za kadogo, vyote ni rahisi na mara nyingi si nafuu, kwa kuwa anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kijiko. Mnunuzi wake hakukosea hesabu. Amekosa fedha ya kununulia lita nzima. Kutofautisha rahisi na nafuu kusitumike kumsuta mtu huyo. Kunatakiwa kutuwezesha kutaja dhuluma yake kwa jina, kwamba umaskini humlazimisha mtu kununua rahisi na kumnyima nafuu.

Mifuko nayo imekwisha kutufundisha. Kenya iliipiga marufuku ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na rambo la tumizi moja likampisha kikapu cha matumizi yasiyohesabika. Tumizi moja: angalia lilivyojiweka lenyewe katika sentensi. "Ya kutumia mara moja na kutupa" ni maneno sita yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo.

Basi ndugu msomaji, ombi langu kwako ni dogo na kwa wahariri wa kamusi ni kubwa kidogo. Wao waingize tumizi kama nomino yenye umoja na wingi, na chini ya nafuu waandike maana ya manufaa kabla ya maana ya bei ya chini. Wewe, ukisikia mtu anaita kitu nafuu siku ile ile alipokitoa dukani, mwulize kwa upole kitamsimamia kiasi gani.